Majina 18

Ijumaa, saa tatu usiku

Begi langu liko mlangoni. Njumu nimezipiga brashi mara mbili, na bado nikizigeuza naona mbigili moja imejichimbia kwenye soli ya kushoto. Anayecheza mpira Dodoma anaijua mbigili. Kiangazi kikiingia na majani yakakauka, vile vijimbegu vya miiba vinatapakaa uwanja mzima, na mpira ukipita juu yake unarudi unatoa pumzi. Mwezi huu tumepoteza mipira miwili namna hiyo. Ndiyo maana kabla ya mazoezi tunajipanga bega kwa bega na kutembea goli hadi goli tukiokota. Wa kwanza kufika na ndoo ni mwenzangu wa chumbani. Huu ni mwaka wa pili, sijawahi kumtangulia hata siku moja.

Jina lake halimo kwenye majina 18 yaliyobandikwa leo jioni.

Nieleze vizuri, maana wengine wameanza kunong'ona kwamba kocha ana watu wake. Hana. Uwanja tunaokwenda kuchezea Iringa ni mwembamba, basi. Sheria za soka zinaruhusu upana wa kuanzia mita 45 hadi 90, na ndani ya hapo kila mwenyeji anachora wake. Wa kwetu umetanuka. Winga akipewa mpira pembeni ana nafasi ya kuutanguliza na kumwacha beki. Mwaka jana tulikwenda kule tukacheza kama tuko nyumbani. Pasi za pembeni zikawa zinatoka nje moja baada ya nyingine, na kila mpira wa kurusha wa wenyeji ukawa unatua ndani ya kumi na nane yetu kana kwamba ni kona. Tulifungwa mawili, yote kwa mipira ya kurusha. La pili lilinipita mimi juu ya kichwa. Nimelala nalo mwaka mzima.

Safari hii kocha amepanga koni hatua saba ndani ya mstari, kila upande, na kwa siku kumi tumecheza humo humo. Siku za mwanzo zilikuwa vurugu tupu, watu wanakanyagana. Kufikia Jumanne mpira ukaanza kutembea: pasi fupi, beki wa kulia anaingia ndani badala ya kupanda pembeni, kiungo anageuka kabla hajabanwa. Mipira ya kurusha tumeifanyia kazi mpaka giza. Mimi na beki mwenzangu tulikuwa tunagongana hewani, sasa tumekubaliana: anayeita ndiye anayekwenda, mwingine anabaki nyuma yake.

Mwenzangu ni winga wa mbio. Kwenye uwanja mpana hakuna beki hapa chuoni anayetamani kukutana naye. Ndani ya koni akawa kama mtu anayekimbia koridoni. Jana nilikuwa namwangalia: kapokea, kainua kichwa, kasukuma mpira mbele kama alivyozoea, ukagonga koni. Mara tatu. Ile ya tatu aliifuata koni iliyoanguka, akaisimamisha kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepanga glasi mezani. Akabaki ameinama kidogo. Nikajua, na yeye akajua.

Kabla karatasi haijabandikwa, kocha aliniita. "Nahodha, unaonaje?" Nikamwambia ninavyoona, kwamba kesho si mechi yake. Kwa hiyo lile neno ni langu pia, siwezi kujificha nyuma ya mwalimu. Gari tuliyopata ina viti 20: wachezaji 18, kocha, na dada wa sanduku la dawa. Hata kumwombea nafasi ya kwenda kushangilia nimeshindwa.

Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Ni zaidi ya kilomita 250, kupitia bwawa la Mtera, halafu kuipanda milima ya Nyang'oro. Hapa Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari, Iringa inavuka 1,500, kwa hiyo kocha anataka tufike mapema, miguu ilegee na kifua kizoee kidogo kabla ya saa kumi jioni. Samaki wa kukaanga wa Mtera kawapiga marufuku mpaka wakati wa kurudi.

Niliporudi chumbani nilimkuta amekaa kitandani, taa haijawashwa. Nikaanza, "Kaka, kuhusu lile jina, mimi ndiye..."

"Najua, nahodha. Kocha huwa anakuuliza." Akanyamaza. "Na mimi ningejibu hivyo hivyo."

Sikupata la kusema. Akafungua sanduku lake, akatoa sweta la kijivu alilofumiwa na mama yake. Kwao ni Mufindi, baridi anaijua. Akalikunja na kuliweka juu ya begi langu. "Mwezi huu kule siyo Dodoma. Jasho likikukaukia bila hili utaumwa." Kisha, akiwa tayari amegeukia ukutani: "Wakirusha, usimwangalie anayerusha. Wewe muda wote unamwangalia yeye, nimekuona. Mwangalie yule mrefu wao."

Kumbe siku zote kumi, hata alipokuwa anagonga koni, alikuwa ananitazama mimi.

Amelala sasa, au ametulia tu. Simu nimeitega saa kumi na kuiweka chini ya mto, itikisike tu, nisimwamshe.