Aerangis confusa Iliyouzwa kwa Jina la Jirani Yake

Miongoni mwa okidi zilizoko kwenye baraza letu hapa Nairobi kuna moja iliyokuja na lebo ya Aerangis brachycarpa, lakini ilipochanua ikadhihirika kwamba jina hilo si lake. Kosa la namna hii halishangazi. Spishi hizo mbili huota katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, majani yao hufanana kiasi kwamba mmea usio na ua hauwezi kutambuliwa kwa uhakika, na hata wataalamu wa mimea walizichanganya kwa muda mrefu, mpaka mtaalamu wa okidi Joyce Stewart alipoitenga ile yenye maua madogo mwaka 1979 na kuipa jina la Aerangis confusa.

Kinachoamua ni ule mrija mwembamba unaoning'inia nyuma ya ua, ambamo nekta hukusanyika kwa ajili ya nondo warukao usiku. Kwa A. brachycarpa mrija huo hufika sentimita 12 na kuendelea, ilhali kwa A. confusa huishia kwenye sentimita 4 hadi 6 hivi. Kwa kuwa mrija hupinda, rula peke yake haitoshi: mimi hulaza uzi juu yake kuanzia unapoungana na ua hadi nchani, nikautia alama kwa kalamu, kisha nikaunyoosha kando ya rula. Uzi wangu ulionyesha sentimita 5 na ushei, na maua mengine ya shada lilelile, niliyoyapima ili nisidanganywe na ua moja lililodumaa, hayakutofautiana nalo sana. Rangi haikuwa na msaada wowote, maana zote mbili ni nyeupe zenye kuelekea waridi.

Si kila lebo yenye mashaka ina kosa la aina hiyo. Ansellia africana, okidi nyingine yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia, bado huuzwa kwa majina ya gigantea na nilotica, ingawa wataalamu wengi wanayahesabu yote kuwa spishi moja. Hapo hakuna cha kutambua upya, ni jina tu limepitwa na wakati. Kwa upande mwingine, miche iliyooteshwa kutokana na mbegu vitaluni huhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tunda moja la okidi hubeba maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na vyombo viwili vikibadilishana lebo, kundi zima la miche huingia sokoni na jina lisilo lake.

Siondoi kamwe lebo ya zamani. Huigeuza, nikaandika jina jipya na tarehe upande wa pili kwa penseli, kwani wino hufifia juani, halafu nikapiga picha ya ua likiwa pamoja na rula. Lebo ya muuzaji, hata ikiwa na kosa, ndiyo inayonikumbusha mmea ulikotoka.

Bado kuna mmoja uliokuja kwa jina la Aerangis kotschyana ambao haujachanua. Huo hautanisumbua sana siku yake ikifika, kwani mrija wa kotschyana hujisokota katikati kama kizibuo, na usiposokota, lebo itageuzwa.