Babu na ndala za mlangoni

Hitima tumeisoma Ijumaa. Majamvi yamekunjwa, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na bibi yuko chumbani na eda yake. Muda wote wa matanga nilisikia watu wakisema, "Mzee alikuwa mtu wa watu." Najua marehemu husifiwa, na waliosema walisema kwa mapenzi. Lakini babu yangu hakuwa mtu wa watu. Alikuwa mtu wa nyumbani, na kwa wanaume wa rika lake hapa Ngamiani, Tanga, hiyo ilikuwa nusu aibu.

Wenzake wakitoka kuswali alasiri walikaa barazani: kahawa chungu, bao, na ubishi wa timu za Coastal na African Sports mpaka isha. Yeye alipanda baiskeli akaenda soko la Mgandini na kikapu cha ukili. Nazi hakuichukua mpaka aitikise sikioni, aigonge kwa kidole, aitikise tena, huku muuzaji amekunja uso. Akirudi, walimtania, "Mgosi, umetumwa tena?" Naye hujibu bila kushuka kwenye baiskeli, "Nimetumwa. Wewe ambaye hukutumwa, leo utakula nini?"

Mimi nilikuwa mke wake mdogo, kama walivyo wajukuu wote wa kike kwa babu zao, na bibi akiniita mke mwenza. Nilipougua surua, babu ndiye aliyekesha nami. Mama alikuwepo, ila babu alimwambia akalale, ana kazi asubuhi. Wanangu siku hizi nawalea na baba yao, na watu wanamsifu mume wangu kwa kumbadilisha mtoto nepi kana kwamba ameanzisha jambo jipya duniani. Huwa nanyamaza.

Kila usiku kabla ya kufunga mlango wa mbele, babu aliinama na kuhesabu ndala. Tulizivua pale kizingitini, zikawa lundo la rangi zote, nyingine kamba imefungwa kwa waya. Alizipanga jozi jozi kwa ncha ya bakora. Hakuuliza nani hajarudi. Alisema tu, "Za bluu hazipo," na kama ni zako basi ulijua kuna mtu atakusubiri kwenye kiti, macho wazi, hata iwe saa sita. Mjomba mmoja, kijana wa muziki, aliwahi kuacha ndala mlangoni akatoka peku. Babu alizipanga kama kawaida, akazitazama, akasema, "Hizi zimekuja peke yao."

Kuhesabu ilikuwa kazi yake. Alianza ukuli bandarini akiwa kijana, zama ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali na gati na mizigo ikapelekwa kwa matishari. Alibeba robota za katani miaka ile ile nchi yetu ilipoongoza duniani. Mwaka 1964 zilitoka tani 230,000 hivi. Baadaye akapewa kalamu, akawa karani wa kuhesabu mizigo. Watu hudhani ndiyo asili ya zile ndala. Mimi nadhani ilianza kabla.

Babu alizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Baba yake alikuwa manamba kutoka Buha, kule Kigoma, aliyeletwa kwa mkataba kama maelfu ya wenzake. Babu alipenda kutueleza kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62. "Hiyo 62," alisema, "ndiyo iliyomwita baba yangu." Mkataba uliisha, na baba yake hakurudi. Alioa Mbondei, akazaa, akaendelea kukata mkonge. Kule kwao aliacha mke na watoto. Hili babu alilijua akiwa mkubwa, baba yake yu mahututi.

Kitu pekee alichorithi ni kipande, kadi ya kazi ya manamba. Kadi ile ilikuwa na nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi, na mpaka zijae ndipo mtu alipwe. Cha baba yake kimeishia alama ya 19. Nimekishika mara nyingi: karatasi imekuwa laini kama kitambaa, na wino umebaki kahawia.

Miaka ya themanini babu alichukua likizo, akawapandisha watoto wake garimoshi, Tanga mpaka Kigoma, na kutoka hapo wakapanda gari la abiria hadi Kasulu. Mama anakumbuka vumbi na maembe ya njiani. Walimpata kaka yake babu, mtoto wa yule mke wa kwanza, mzee tayari. Swali lake la kwanza lilikuwa kama baba yao aliwahi kuwataja. Babu angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angemkosoa. Alisema hapana, hakuwataja mpaka alipokaribia kufa. Kisha akatoa kile kipande. Mama anasema wale wazee wawili walikaa nacho mpaka taa ikaisha mafuta, wakijadili kila alama, siku ipi labda alikuwa mgonjwa, siku ipi nyapara alimnyima.

Hapo ndipo namwelewa babu. Sidhani alikuwa mpole kwa asili. Alikuwa na hasira za karibu sana, waulize wauza nazi. Aliamua tu kwamba kwake hakuna mtu atakayeuliza kama anakumbukwa.

Ndugu wa Kasulu walifika siku ya tatu ya msiba, tumeshazika. Walikuja na maharage na dumu la mawese. Shangazi akalipeleka jikoni, na bibi, ndani ya eda yake, akapaza sauti kutoka chumbani kwamba samaki wake hawapikwi kwa mafuta mekundu. Mama mkubwa wa Kasulu akajibu kwamba shemeji yake alikula mawese kwao wiki nzima na akaomba nyongeza. Bibi akanyamaza kidogo. "Hakuniambia," akasema. Kisha akaagiza aletewe ayaonje.