Chini ya bawa la Looking Glass
Jumamosi iliyopita nilisimama na binti yangu chini ya bawa la EC-135, ndege ya uongozi ya jeshi la anga la Marekani, katika jumba la makumbusho ya anga lililo karibu na Ashland, Nebraska, nikimwonyesha antena moja baada ya nyingine. Ndege hizi, zilizoitwa Looking Glass, yaani kioo, kwa kuwa ziliakisi kazi ya makao makuu ya ardhini, zilipokezana angani usiku na mchana kuanzia tarehe 3 Februari 1961 hadi 24 Julai 1990, kila zamu ikiwa na jenerali aliye tayari kushika uongozi wa silaha za nyuklia endapo makao hayo yangeteketezwa. Zamu ilichukua takriban saa 8. Binti (ana miaka tisa, na haridhiki upesi) aliuliza kama ndege haikuwa ikishuka kujaza mafuta. Nikamjibu kwamba haikuruhusiwa kutua kabla ya mwenzake kupaa.