Mabinti wa Lahardane waliokuwa wakienda kazini Marekani

Mwezi wa Aprili 1912 watu 14 wa parokia ya Addergoole, hapa County Mayo, magharibi mwa Ireland, waliondoka makwao pamoja kwenda kupanda Titanic. Kumi na mmoja hawakufika. Mimi ni mtu wa Pemba, naishi Castlebar, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kijiji chao cha Lahardane, chini ya mlima Nephin, si mbali na hapa kwa gari. Habari yao imenikaa moyoni, hasa ya wale mabinti.

Nora Fleming, Delia Mahon, Mary Canavan, Bridget Donohue. Wasichana wa wakulima wadogo, hawajaolewa, umri ndio kwanza unachanua. Huko walikokuwa wakienda, kazi iliyokuwa ikiwangoja wasichana wa aina yao ilikuwa ya ndani: kuwasha moto alfajiri, kufua, kupika, kulea watoto wa watu. Mwanzoni mwa karne ile zaidi ya nusu ya wanawake wa Kiayalandi waliokuwa na kazi Marekani walikuwa watumishi wa majumbani. Kulala kwa tajiri kuna mateso yake, tunayajua. Lakini chakula na kitanda ni vya mwenye nyumba, basi mshahara unabaki mkononi. Binti anatuma nyumbani, baba analipa kodi ya shamba, kinachobaki kinamkatia tiketi mdogo wake. Mdogo akifika, naye anamleta anayemfuata. Hivyo ndivyo vijiji vya Mayo vilivyohamia Chicago, ndugu kwa ndugu, na waliolipia nauli hizo mara nyingi walikuwa wanawake waliokuwa wakipiga deki nyumba za wengine.

Nauli ya daraja la tatu ilikuwa pauni 7 na shilingi 15. Tusizione kidogo. Kwa msichana wa shamba ule ulikuwa mshahara wa miezi mingi.

Katika kundi lile alikuwamo Catherine McGowan, mwanamke wa miaka 42 aliyekwisha kuishi Chicago. Alikuja nyumbani, na sasa alikuwa akirudi na mtoto wa ndugu yake, Annie, wa miaka 17. Alikuwamo pia Catherine Bourke, naye aliwahi kukaa Chicago, akarudi, akaolewa na John Bourke, na sasa mke, mume na wifi, Mary, walikuwa safarini pamoja. Mnajua mtu wa ng'ambo akija likizo anavyosikilizwa. Anakaa barazani, watu wanamzunguka, na kabla hajaondoka kila nyumba ina kijana anayetaka kufuatana naye. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa akiwafungulia wenzake mlango ambao yeye mwenyewe alikwisha kuupita.

Usiku wa kuamkia safari ya Marekani, watu wa huku zamani walikuwa wakikesha na msafiri kama wanavyokesha na maiti. Bibi mmoja ninayemhudumia, ambaye naye alikwenda London ujanani kufanya kazi za ndani, ameniambia kwamba mama yake alikuwa akiyasimulia makesha hayo. Majirani walijaa, palichezwa, paliimbwa, na asubuhi wanawake walilia kwa sauti, kwa sababu aliyevuka bahari ile kwa kawaida hakuonekana tena. Sisi tunamsomea msafiri dua na kumfukizia ubani. Machozi ya mama mlangoni ni yale yale.

Tarehe 11 Aprili walipanda kutoka Queenstown, bandari inayoitwa sasa Cobh. Meli haikuingia gatini. Ilitia nanga nje, abiria wakapelekwa kwa vyombo vidogo. Wasichana wasio na waume walipangiwa vyumba vya nyuma, wanaume wapweke mbele kabisa. Usiku wa tarehe 14, saa 5 na dakika 40, meli iligonga mwamba wa barafu. Ndani walikuwamo watu zaidi ya 2,200, na mashua za kuokolea zote kwa jumla zilikuwa na nafasi 1,178.

Catherine Bourke alikataa kumwacha mume wake. Mary alikataa kumwacha kaka yake. Waliookoka ni Annie Kate Kelly, Delia McDermott na yule Annie wa miaka 17. Shangazi yake alizama.

Katika daraja la kwanza wanawake waliokufa walikuwa wanne tu. Katika daraja la tatu walikufa zaidi ya nusu ya wanawake wote. Na hata baada ya kufa daraja liliendelea kuhesabiwa. Meli ya Mackay-Bennett, iliyotumwa kuokota maiti, ilipoona hazitoshei, ilirudisha 116 baharini, na wengi wao walikuwa wa daraja la tatu na mabaharia. Maiti za wakubwa zilihifadhiwa na kupelekwa nchi kavu. Mary Mangan, mmoja wa kundi la Addergoole, alipatikana, akatambuliwa, akazikwa baharini. Mama zao huku Mayo hawakupata hata kaburi la kwenda kung'olea magugu.

Ninapofikiri juu ya mabinti wale nafikiri pia juu ya wadogo zao. Tiketi ambayo Nora angeikata kwa mshahara wa jikoni haikukatwa. Fedha za Krismasi hazikuja. Hesabu ya waliozama haiwataji hao.

Kila mwaka tarehe 15 Aprili, saa 8 na dakika 20 usiku, dakika ileile meli ilipozama, watu wa Lahardane huamka na kupiga kengele ya kanisa kwa ajili ya wale 14, wakiwamo watatu waliopona. Zaidi ya miaka 100 imepita. Nilipojua hivyo nililia, kwa sababu mimi natoka kisiwa kilichopoteza watu wake katika meli ya Spice Islander. Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, meli ile ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita uwezo wake. Miili iliyopatikana ilizidi 200 kidogo, na tume ya uchunguzi ikataja zaidi ya watu 1,500 waliokufa au kupotea. Abiria wengi hawakuwa wameandikwa popote. Wasichana wetu wanaofanya kazi za ndani Mjini na Dar es Salaam ndio hupanda meli hizo wakirudi kuwaona wazee, na binti wa namna hiyo akipotea, jirani wa tajiri wake husema tu, "yule mtumishi wao."

Sisi Wapemba tulioko Ireland tumeanza daftari. Tunaandika jina kamili, jina la mama, kijiji, na alikuwa akifanya kazi wapi. Mwenye dada, binti au shoga aliyepotea katika meli ile, na mtu yeyote asiulize kama alikuwa mtumishi au mwenye duka, atuletee jina lake. Tukiandika kijiji, tuseme Makangale ya Pemba, tunataka pia kujua ni nyumba ya nani.