Zamu Yangu ya Usiku Katika Wodi ya Wagonjwa Mahututi

Saa 1 usiku. Ninapokea mgonjwa mwenye sepsisi, hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, huanza kudhuru viungo vyake wenyewe. Joto lake ni nyuzi 38.4. Ninauliza kila kipimo kilichukuliwa saa ngapi, kwa sababu hata mtu mzima wa afya huwa na joto zaidi jioni kuliko kabla ya mapambazuko.

Saa 3 usiku. Ninapunguza taa. Ubongo hutoa melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, gizani, na mwanga wa kawaida wa chumba unatosha kuizuia. Kwa wagonjwa wengi wa sepsisi kali mzunguko huo wa melatonini wa usiku na mchana umekwisha kufifia, ndiyo maana ninalihesabu giza kuwa sehemu ya matibabu.

Saa 5 usiku. Kumgeuza, kumsafisha kinywa, kuchukua damu na kumpa dawa ninavifanya kwa mkupuo mmoja, ili apate saa kadhaa bila kuguswa. Hata hivyo, mgonjwa aliyeletwa sasa hivi akiwa katika mshtuko wa sepsisi, yaani shinikizo lake la damu limeshuka kwa hatari, hangojeshwi kwa ajili ya usingizi wa yeyote: anapaswa kupata viuavijasumu ndani ya saa 1.

Saa 8 usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri kelele za usiku katika vyumba vya wagonjwa zisizidi desibeli 30, lakini kengele za mashine zetu zinavuka kiwango hicho kwa mbali. Kwa idhini ya daktari wa zamu, ninarekebisha mipaka ya kengele ilingane na hali ya mgonjwa. Mwaka 1960 mtafiti wa midundo ya mwili Franz Halberg na wenzake walionyesha kwamba panya waliodungwa kiasi kilekile cha sumu ya bakteria walikufa kwa wingi au walipona kwa wingi kulingana na saa ya kudungwa. Tangu nilipoyasoma hayo, sioni tena saa ya ukutani kama pambo.

Saa 10 alfajiri. Joto ni nyuzi 37.3. Sishangilii, kwani hii ndiyo saa ambayo joto hushuka lenyewe. Ninatazama kwanza shinikizo la damu, mkojo na upumuaji.

Saa 12 asubuhi. Ninafungua mapazia na kumwambia siku na saa, ingawa yuko kwenye mashine ya kupumulia, kwa maana kuchanganyikiwa akili huwapata wengi hapa na huchelewesha kupona.

Saa 1 asubuhi. Ninapokabidhi zamu, pamoja na kiasi cha mkojo ninataja saa alizopumzika bila kusumbuliwa, na ninaomba mapazia yabaki wazi hadi jioni.