Sikukupa jumla

Tangu Jumanne kuna maneno yamenikwama kama mwiba wa changu kooni. Nayasikia nikikosha vyombo, nayasikia kwenye gari ya Mkoani, na juzi yamenijia katikati ya sala mpaka nikapotewa niko rakaa ya ngapi. Maneno yenyewe mafupi:

"Mie sikukupa jumla, mwanangu. Nilikupa mmoja."

Aliyesema ni yule bibi wa ng'ambo ya Chokocho, hapa Pemba, yule wa nondo ya kuchokolea pweza, niliyewaandikia habari zake mwaka jana tulipofungua mwamba. Mnaokumbuka picha ya mkono wenye wino hadi kiwikoni, mkono ule ni wake.

Nirudi kwanza kwenye siku ile, maana deni lilianzia pale. Mwamba ulikuwa umefungwa miezi mitatu, hakuna kuchokoa pweza, na kamati ya wavuvi ililinda kweli, usiku na mchana. Pweza si chewa wa kungojwa miaka. Wa robo kilo ukimwacha miezi mitatu unamkuta wa kilo na zaidi. Kwa hiyo bamvua la kufungua likifika kijiji kizima hushuka: wanawake na ndoo zao, vijana na mikuki, watoto waliotoroka chuoni. Maji yalikupwa mpaka mwamba ukabaki wazi kama ua wa nyumba. Sisi tulikaa ufukweni na mizani. Kila pweza anapimwa uzito na urefu wa kichwa, anatazamwa jike au dume, kisha kichwa kinageuzwa tuone kizazi kimefikia wapi.

Bibi alikuja mwisho mwisho, maji yameshaanza kurudi. Pweza mmoja tu. Alimweka mwenyewe kwenye mizani, akamlaza taratibu, na mikono yote minane akaikusanya isining'inie. Akasema, "Huyu alikuwa kajifungia. Mlangoni kapanga mawe. Nilipomchokoa hata hakunivuta." Akanyamaza kidogo, kisha: "Niangalizie kama alikuwa na watoto."

Niliangalia. Niliandika. Nyuma yake walikuwa bado watu sita na mchuuzi anapiga kelele barafu inayeyuka. Nikamwambia, "Ntakuja nikwambie, bibi." Akasema haya, akachukua ndoo yake akaenda.

Sikwenda.

Jumanne hii ndiyo tumerudi kutoa mrejesho. Darasa la skuli, jenereta nje, shuka jeupe ukutani. Picha ya kwanza niliihangaikia siku mbili: niliandika kwamba Umoja wa Mataifa umeifanya miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Sayansi ya Bahari, na chini yake kwa herufi kubwa, BAHARI NI YETU SOTE. Nikawaeleza habari za kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska, walioanza kufunga mwamba wa pweza mwaka 2004, na jinsi jambo lile lilivyovuka maji likatufikia sisi. Kisha zikaja nguzo za rangi: uzito wa wastani kabla ya kufunga, uzito wa wastani baada. Watu walifurahi, maana nguzo ya pili ilikuwa ndefu. Sheha akauliza nani ana swali.

Bibi akasimama nyuma kabisa, kashika ncha ya kanga.

"Yule pweza wangu je? Alikuwa na watoto?"

Vijana waliokuwa mlangoni wakacheka. Na mimi, nina kipaza sauti mkononi, nikasema, "Bibi, hizi ni takwimu za jumla."

Hapo ndipo aliponijibu. Hakupandisha sauti wala hakununa. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenziwe chenji. Akakaa. Sheha akaomba dua, tukanywa chai na maandazi, tukakimbilia maji kabla boti haijakaa mchangani.

Wiki yenyewe ilikuwa kubwa, mkataba wangu umeongezwa hadi Juni na dada kajifungua mtoto wa kike salama alhamdulillah, lakini kila ninapopata nafasi ya kufurahi narudi kwenye lile darasa. Nabadilisha jibu. Mara nasema, "Bibi, samahani, nimesahau." Mara namwambia, "Ngoja tuzungumze baadaye, mie na wewe." Mara nashuka kwenye kijukwaa namfuata alipo. Kila jibu ni bora kuliko nililotoa. Na linaloniuma zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa swali hasa, la mtu aliyeona kitu mwambani kwa macho yake. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani. Huyatundika mayai kwenye dari la pango kama vishada vidogo vidogo vyeupe, kisha huziba mlango kwa mawe na kukaa nayo siku nyingi, akiyapepea maji na kuyasafisha. Hali chakula. Hukonda, ngozi hufifia, na mayai yakianguliwa naye hufa. Ukimtoa kabla, mayai hubaki peke yake na samaki hawachelewi. Haya yote mimi nimeyasoma. Bibi hajasoma, kaona mawe mlangoni na mnyama asiyevuta, na mwaka mzima moyo wake umekuwa ukimuuliza.

Alhamisi usiku nikatoa boksi la karatasi chini ya kitanda. Si kompyuta, karatasi zenyewe tulizojaza ufukweni. Zilikuwa zimekakamaa kwa chumvi, nyingine zimeshikana, na wino wa pweza umegeuka hudhurungi kama chai iliyomwagika. Nilizibandua moja moja kwa kisu cha mkate. Karatasi ya nne, mstari wa mwisho kabisa: kilo 1.9, jike, kizazi kitupu kimelegea, ameshataga. Na pembeni, nje ya mistari, kwa mwandiko wangu mwenyewe wa haraka: *mawe mlangoni, kasema mwenyewe*.

Niliandika! Nikafungua kompyuta nikatafuta mstari huo huo. Uzito upo, urefu upo, jinsia ipo, kizazi kipo. Mawe hayapo, kwa sababu fomu haikuwa na safu ya mawe, na aliyekuwa akiingiza namba, ambaye ni mimi, aliingiza kile kilichokuwa na safu. Maneno ya bibi yalifika hadi kwenye karatasi yakaishia hapo.

Sikuweza kungoja Jumatatu. Jumamosi nikapanda gari ya alfajiri, nikavuka kwa mtumbwi wa abiria na pweza mmoja kwenye mfuko wa plastiki, niliyemnunua dikoni kwa pesa yangu. Nilimkuta bibi anapara muhogo nyuma ya nyumba. Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogezea kibao cha mbuzi nikalie.

"Bibi, nimeleta jibu lako."

Akaweka kisu chini.

Nikamwambia kama lilivyoandikwa, bila kupamba. Alikuwa jike. Alikuwa keshataga. Mayai yalibaki pangoni. Nilidhani atahuzunika, nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kumtuliza, lakini alitikisa kichwa polepole mara mbili, tatu. "Basi ndizo zile," akasema. "Niliona juu kama nyuzi nyeupe. Nikajiambia ni mwani, lakini mkono ulikataa." Kisha akaniuliza kilo ngapi, nikamwambia, akacheka: "Mchuuzi alinilipa moja na nusu!"

Nikamtoa yule pweza mfukoni nimwonyeshe jambo ambalo ningeweza kumwonyesha mwaka jana kwa dakika moja. Unahesabu mikono kutoka mbele, upande wa kulia, wa tatu. Unaufuata hadi ncha. Dume, ncha ile haina vinyonyeo, ni laini, ina mfereji mwembamba na kijincha kama ulimi wa ndege. Jike, vinyonyeo vinakwenda hadi mwisho. Bibi akaupitisha mkono ule katikati ya vidole vyake, macho kafumba, kama anayetafuta fundo kwenye uzi. "Dume," akasema. Alikuwa dume. Akaita jirani yake, jirani akaita wakwe zake, na kabla ya adhuhuri tulikuwa wanawake saba tumemzunguka pweza mmoja, kila mtu anapitisha vidole.

Hapo ndipo walipoanza kusema, na sikuwahi kuwasikia wakisema hivyo kwenye mkutano wowote. Mmoja akasema mawe mlangoni huyaona zaidi kusi likishalegea. Mwingine akabisha, akasema ni upande wa mkondo tu, kule kwenye mchanga hayapo msimu wowote. Bibi akasema wao hushuka mwambani kila bamvua tangu wakiwa wasichana na hakuna aliyewahi kuwauliza mawe. Nikatoa fomu mpya kwenye mkoba nikachora safu kwa rula ya bintiye: mawe mlangoni, ndiyo au hapana. Wakanirekebisha. Wakasema niongeze na jibu la tatu: "mawe yapo, nimemwacha." Maana wawili kati yao humwacha. Humpita na kutafuta mwingine, na hawajawahi kumwambia mtu, kwa kuogopa kuambiwa wavivu. Pweza walioachwa hawafiki kwenye mizani, kwa hiyo katika hesabu zetu zote hawakuwahi kuwepo.

Kama kamati itakubali kuifanya kuwa kanuni, kwamba mwenye mawe aachwe, hilo ni la kamati na litakuwa na mabishano, kwa sababu siku ya kufungua ni siku ya pesa na vijana wa mikuki hawatapenda. Lakini safu ipo. Nimeshaiingiza na kwenye kompyuta. Na mstari wa 1.9 nimeurudia, nikaandika mawe yake.

Nilirudi na muhogo wa nazi kwenye kontena na mkono unanuka pweza mpaka sasa, nami sitaki harufu iishe.

Nikiwa bado kwenye mtumbwi mama kapiga simu. Karafuu zimeiva zote pamoja mwaka huu na wachumaji hawapatikani, kila shamba linawagombania. Zilizoanikwa juzi zimeloa mvua ya ghafla. Na baba kasema hangoji mtu, kesho atapanda mwenyewe ule mkarafuu mrefu wa karibu na kisima. Ana miaka sitini na nane. Goti lake la kushoto halikunji sawasawa tangu Ramadhani, na matawi ya mkarafuu yakiwa na maji hukatika bila kulia. Nimempigia mara tatu usiku huu, simu inaita haipokelewi. Kaka yuko Unguja. Nimemwomba mama afiche ngazi.