Wageni walipiga picha, mimi nikabaki na mzinga
Leo nimewapeleka wageni Fort Jesus. Wao wanapiga picha na mzinga wa Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus pale Zanzibar Septemba 1914. Mimi akili iko kwa Percy Scott, Mwingereza niliyemsoma wiki nzima.

Jamaa aliingia jeshi la majini 1866, akiwa na miaka 13. Kitoto kabisa! Baadaye akasomea mizinga HMS Excellent, chuo cha Portsmouth. Enzi hizo mpiga mzinga alingoja meli iyumbe mpaka shabaha imjie machoni, ndipo afyatue. Scott akakataa: jicho lisibanduke kwenye darubini, mkono uinue na kushusha mtutu kadiri mawimbi yanavyokwenda. Mwaka 1899, akiwa nahodha wa HMS Scylla, mizinga yake ikapiga shabaha mara 80 kwa kila 100. Wengine hawakuamini. Mwaka uleule, vita vya Makaburu, akabuni magurudumu ya kuburuzia mizinga ya meli nchi kavu, mingine ikafika Ladysmith, mji wa Afrika Kusini.

Nilipozinduka, wageni walikuwa wameshatoka, wananisubiri nje kwa muuza madafu.